Kebo ikikatika, pampu itafanya nini?

Hotuba ya mhandisi wa mitambo ya udhibiti kwa wanakamati wa miradi ya maji na mafundi vijana wa Meru na Embu. Tunaichapisha kwa manufaa ya wananchi wote ambao miradi yao ina vifaa vya aina hii au inafikiria kuvinunua.



Nimeombwa niwaeleze kifaa kimoja kidogo ambacho huenda baadhi yenu mmekilipia bila kukiona. Kinakaa ndani ya kisanduku cha chuma kwenye nyumba ya pampu, na ukubwa wake hauzidi Biblia ndogo. Kinaitwa adapta ya mtandao. Kabla sijasema ni kitu gani, nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha kukiheshimu.

Usiku tangi lilipofurika

Miaka kadhaa iliyopita nilifunga mitambo ya kuendesha pampu katika mradi mmoja wa maji, kwenye miteremko ya chini ya Mlima Kenya. Mradi sitautaja, kwa sababu kosa halikuwa lao. Tangi lilikuwa juu ya kilima, pamoja na chumba kidogo cha ofisi. Kisima na pampu vilikuwa chini bondeni, umbali wa kama mita 900. Ofisini kulikuwa na kidhibiti, yaani kompyuta ndogo ya kazi ngumu inayoamua pampu iwake lini na izime lini. Kule bondeni kulikuwa na kisanduku chenye adapta na moduli zake. Kati ya juu na chini palipita kebo moja iliyofukiwa ardhini, ikipitia mashamba ya watu.

Jioni moja, pampu ikiwa inaendelea kupandisha maji, mkulima mmoja alikuwa anachimba shimo la kupanda mgomba. Jembe likaikata ile kebo. Hakujua. Tulikuwa tumeifukia kwa kina kifupi, wala hatukuweka alama yoyote juu yake.

Kama saa nne usiku tangi likajaa. Kidhibiti kikaona maji yamefika juu, kikatoa amri pampu izime. Amri haikufika. Kule bondeni pampu ikaendelea kuvuta, na huku juu maji yakaendelea kumwagika kupitia bomba la kufurikia hadi kwenye shamba la mama mmoja anayeishi chini ya tangi. Mlinzi alinipigia simu. Nilikuwa mji mwingine, na ufunguo wa nyumba ya pampu nilikuwa nao mimi mfukoni. Tuliizima saa kumi na moja alfajiri. Matuta matatu yalikuwa yamebomoka, maharagwe yamekwenda na maji, pamoja na miche ya kahawa aliyokuwa ameipanda msimu ule.

Mama yule hakunitukana. Alinisalimu kwanza, kisha akauliza, “Mwanangu, tangi likijaa, nani huiambia pampu?”

Nikamjibu, “Kidhibiti, mama, kupitia kebo.”

Akauliza, “Na kebo ikikatika?”

Sikusema kitu. Jibu nilikuwa nalo, lakini niliona aibu kulitoa. Wakati wa kufunga mitambo, kebo ilikuwa inachomolewa mara kwa mara, na kila ikichomolewa pampu ilizima. Ilinikera. Nikaingia kwenye mipangilio ya adapta nikachagua hivi: mawasiliano yakikatika, endelea na amri ya mwisho. Nilikusudia kuibadilisha baada ya kazi. Nikasahau. Amri ya mwisho ilikuwa “washa”, na adapta iliitii mpaka alfajiri.

Kwa hivyo leo nitawaeleza kifaa hiki kwa namna ambayo kila mmoja wenu, hata asiyejua stima, ataweza kuuliza swali la yule mama kabla hajatia sahihi ya kupokea mradi.

Kidhibiti, moduli na adapta

Kuna vitu vitatu, na ni vizuri tuvitenganishe.

Cha kwanza ni kidhibiti, ambacho mafundi hukiita PLC. Hiki ndicho kinachofikiri. Ndani yake mna maagizo aliyoandikiwa: maji yakishuka hapa, washa, yakifika pale, zima. Kifaa hiki si cha zamani sana. Kituo cha umeme cha Kindaruma, cha kwanza kati ya vile vitano vya mto Tana tunavyoviita Seven Forks, kilianza kazi mwaka 1968. Mwaka huohuo, kule Marekani, Dick Morley na wenzake walikuwa wanabuni kidhibiti cha aina hii, na mwaka 1969 kikatoka kwa jina la Modicon 084. Kabla ya hapo mitambo iliendeshwa kwa safu za swichi za sumaku, moja ikivuta nyingine, na ukitaka kubadilisha agizo moja ilibidi ufungue nyaya na kuzifunga upya.

Cha pili ni moduli. Kidhibiti hakina macho wala mikono. Moduli za kuingiza ishara ndizo macho na masikio yake: zinapokea habari kwamba pampu inazunguka, maji yamefika kiwango fulani, mota imepata moto kupita kiasi. Moduli za kutoa ishara ndizo mikono yake: zinawasha pampu, zinafungua vali, zinapiga kengele. Moduli moja kwa kawaida hubeba ishara 8 au 16, na nyingi hutumia umeme mdogo wa volti 24.

Hapa nisimame kidogo kwenye ishara ya kupima, kwa kuwa ina hekima ndani yake. Kipimo cha kina cha maji kwenye tangi hutuma mkondo wa umeme kati ya miliampea 4 na 20. Tangi likiwa tupu hutuma 4, likiwa nusu hutuma 12, likijaa hutuma 20. Kwa nini tupu isiwe sifuri? Kwa sababu waya ukikatika, mkondo ndio huwa sifuri. Wangeanzia sifuri, kidhibiti kingeona waya uliokatika kikadhani tangi limekauka, kikawasha pampu. Waliobuni mpango huu walijua kwamba “hakuna maji” na “hakuna habari” ni mambo mawili tofauti. Mimi niliyajua hayo kwa upande wa waya wa kipimo, lakini nikayasahau kwa upande wa kebo ya mtandao.

Cha tatu ni adapta yenyewe. Hii ndiyo inayoziunganisha moduli zilizo mbali na kidhibiti kilicho ofisini.

Kwa nini tusivute waya kila mahali?

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kila ishara isipewe waya wake mpaka kwenye kidhibiti? Inawezekana, na mitambo midogo hufanya hivyo hadi leo. Lakini tupige hesabu.

Viwanda vya chai tunavijua huku kwetu: Githongo, Imenti, Kionyo, Kinoro na Michimikuru upande wa Meru, Mungania na Rukuriri upande wa Embu. Tuchukue kiwanda cha mfano tu, si kimojawapo cha hivyo. Kina vitanda 20 vya kunyausha majani, kila kimoja na feni yake. Kila kitanda kina ishara 4: feni inazunguka, feni ina hitilafu, joto la hewa, na amri ya kuwasha feni. Hizo ni ishara 80. Kila ishara inataka nyaya mbili, kwa hivyo ni nyaya 160. Kama kila waya una urefu wa mita 80 hadi chumba cha kidhibiti, umenunua mita 12,800. Hizo ni karibu kilomita 13 za waya ndani ya jengo moja. Siku panya akitafuna mmoja, utautafuta kati ya 160.

Badala yake, unaweka kisanduku karibu na vitanda. Nyaya fupi zinatoka kwenye feni hadi kwenye moduli zilizo ndani ya kisanduku. Mwanzoni mwa safu ya moduli unaweka adapta, na kutoka kwenye adapta hadi kwa kidhibiti inakwenda kebo moja ya mtandao. Faida yake ni gharama ndogo na urahisi wa kutafuta tatizo. Hasara yake ni kwamba kebo moja sasa inabeba kila kitu. Ndiyo maana sharti tujue itakuwaje ikikatika.

Karani wa kituo cha majani

Wakulima wa chai mtanielewa upesi. Pale kituo cha kununulia majani, kila mkulima huleta mzigo wake. Karani hupima, huandika kilo dhidi ya nambari ya mkulima, na lori moja hubeba majani ya wote hadi kiwandani. Karani haamui bei. Kazi yake ni kuhakikisha kilo za kila mtu zimeandikwa mahali pake.

Adapta ni karani wa namna hiyo. Moduli zimepangwa kando yake juu ya reli ya chuma yenye upana wa milimita 35, zikiwa zimeshikana, na ndani kwa ndani mna njia ambayo habari hupita kutoka moduli moja hadi nyingine. Adapta husoma kila moduli ya kuingiza, huzipanga habari zote kwa utaratibu usiobadilika, huzifunga katika kifurushi kimoja na kukituma kwa kidhibiti. Kidhibiti nacho hutuma kifurushi cha amri. Adapta hukifungua, hugawa: wewe moduli ya tatu, washa ya kwanza, wewe ya nne, fungua vali. Kisha huanza tena.

Mzunguko huu hurudiwa upesi sana. Ukiuwekea muda wa milisekunde 20, ina maana ya mara 50 kwa kila sekunde. Kwa tangi la maji hatuhitaji haraka hiyo, maana maji hayapandi kwa ghafla. Mara moja kwa sekunde inatosha. Mashine ya kufunga pakiti inahitaji haraka zaidi.

Kutokana na mpango huu kuna mambo mawili ambayo fundi wa kijijini ni lazima ayashike. La kwanza ni mpangilio. Kwa kuwa habari hupangwa kwa kufuata nafasi ya kila moduli, ukizitoa kuzipangusa kisha ukazirudisha kwa kubadilishana nafasi, ni kama karani ameandika kilo za mkulima mmoja kwenye nambari ya mwingine. Adapta nyingi hulinganisha moduli zilizopo na orodha zilizopewa, na zisipofanana hukataa kuanza. Lakini moduli mbili za aina moja zikibadilishana, orodha bado itafanana, na ni nyaya tu zitakazokuwa zimepotea njia. Kwa hivyo piga picha kwa simu yako kabla hujagusa chochote.

La pili ni anwani. Kila adapta ina nambari yake kwenye mtandao. Mbili zikiwa na nambari moja, zinagombana. Adapta nyingine huwekewa nambari kwa kompyuta. Nyingine zina vifundo vidogo usoni unavyozungusha kwa bisibisi. Kama nyumba yako ya pampu iko mbali na fundi mwenye kompyuta, omba zile za vifundo. Siku ikiungua, unazungusha vifundo vya mpya vilingane na vya ile ya zamani.

Lugha inayozungumzwa

Adapta na kidhibiti sharti wazungumze lugha moja. Iliyoenea na ya zamani ni Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Profibus ilitoka Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye zikaja Profinet na EtherNet/IP, zinazopita kwenye kebo za Etheneti, jamii ile ile ya kebo zinazounganisha kompyuta za ofisini.

Mwanakamati huhitaji kuzijua lugha hizi kwa undani. Jua jambo moja la mfuko wako. Upande wa mtandao, adapta huzungumza lugha ya hadharani, kwa hivyo kidhibiti kinaweza kuwa cha kampuni nyingine mradi lugha ni moja. Lakini upande wa moduli, adapta huzungumza lugha ya nyumbani kwao. Moduli za kampuni moja kwa kawaida hazikubali adapta ya kampuni nyingine. Ikiungua adapta na mtengenezaji wake hapatikani nchini, huenda ukalazimika kubadilisha kisanduku kizima. Kwa hivyo kwenye stakabadhi za zabuni iandikwe lugha inayotakiwa, na mwanakandarasi alete adapta moja ya akiba pamoja na mitambo.

Na jingine: Modbus ilibuniwa bila nywila. Yeyote anayefika kwenye mtandao huo anaweza kuiamuru pampu. Usikubali mtandao wa pampu uunganishwe ovyo na Wi-Fi ya ofisi ambayo kila mgeni anapewa.

Adapta inajuaje kwamba imeachwa peke yake?

Adapta haina habari ya jembe wala mgomba. Inachojua ni kwamba vifurushi vilikuwa vinakuja na sasa haviji. Kimoja kikikosa kufika, inavumilia, maana hata barua huchelewa. Vikikosa kadhaa mfululizo, inatangaza kwamba mazungumzo yamekatika. Tuseme vifurushi huja kila milisekunde 20 na uvumilivu umewekwa mara 4. Basi baada ya milisekunde 80 za ukimya, adapta inajua.

Hapo ndipo inapofanya kile ilichoagizwa siku ya kufungwa. Chaguo huwa tatu: zima, baki na amri ya mwisho, au nenda kwenye hali fulani iliyopangwa. Kwenye adapta nyingi unaweza kuchagua kwa kila ishara peke yake.

Upande wa pili, kidhibiti nacho kinajua. Kwenye mkasa wangu, kidhibiti kilijua tangu jioni kwamba nyumba ya pampu imenyamaza. Lakini sikuwa nimekiagiza kimwambie mtu yeyote. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na ningelizuia kwa kengele moja na ujumbe wa simu. Kuna hatari nyingine hapo: kidhibiti kinaweza kubaki na nambari ya mwisho iliyofika. Skrini ikaonyesha tangi la mbali liko asilimia 60 leo, kesho na keshokutwa, kumbe hiyo ni habari ya juzi. Nambari isiyotikisika kabisa kwa siku nzima, itilie shaka.

Kila mtambo na uamuzi wake

Msiondoke hapa mkidhani kwamba “zima” ndilo jibu la kila mahali.

Pampu ya kujaza tangi: izime. Watu watakosa maji kwa saa chache, lakini hakuna shamba litakaloharibika.

Pampu ndogo ya kutia dawa ya klorini: izime pia. Maji yakisimama na dawa ikiendelea kudondoka, watakaofungua mfereji wa kwanza watakunywa dawa nyingi kupita kiasi.

Feni ya kunyausha majani chai: hapa mambo yanageuka. Majani mabichi yaliyorundikwa bila hewa hupata joto lenyewe na kuanza kubadilika rangi. Ukizima feni zote kwa sababu ya kebo moja, unaharibu kazi ya wakulima wengi. Afadhali feni iliyokuwa inazunguka iendelee, na kengele ilie.

Lango la maji la mfereji au bwawa: mara nyingi jibu ni libaki lilipo. Walio chini ya mto hawafai kushtukizwa na maji, wala kukatiwa ghafla, kwa sababu tu mawasiliano yamekatika.

Mnaona basi kwamba uamuzi huu si wa fundi peke yake. Fundi anajua pa kubonyeza. Lakini anayejua nini kitaharibika ni mkulima, mwendesha mtambo, mlinzi, na mama anayeishi chini ya tangi. Kaeni naye mezani, muandike kwenye karatasi: kifaa hiki, kebo ikikatika, kifanye hivi.

Na kuna mambo ambayo hayafai kabisa kutegemea mtandao wa kawaida. Kitufe chekundu cha kusimamisha mashine wakati mtu yuko hatarini kivutiwe waya wake moja kwa moja, au kipite kwenye vifaa maalumu vya usalama vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Hata pampu yetu tuliiwekea ulinzi wa pili. Kwenye tangi tuliweka vali ya boya, inayofunga maji yakifika juu. Ikifunga, shinikizo hupanda kwenye bomba, na kule bondeni swichi ya shinikizo huikata pampu yenyewe. Hapo hapana kompyuta wala kebo. Bomba lenyewe ndilo linalopeleka habari.

Mazingira yetu ya mlimani

Sasa maneno machache kuhusu mahali petu.

Umbali. Kebo ya kawaida ya Etheneti inafika mita 100, basi. Ile njia ya nyaya mbili zilizosokotwa, iitwayo RS-485, inafika kama mita 1,200 kwa mwendo wa polepole. Zaidi ya hapo tumia faiba, ambayo hupitisha mwanga badala ya umeme na hufika kilomita nyingi.

Radi. Kebo ya shaba inayotoka kilimani hadi bondeni hualika radi kwenye ncha zote mbili. Faiba haipitishi umeme, kwa hivyo radi ikipiga tangi haitasafiri ndani yake hadi kwenye pampu. Kama ni shaba, weka vizuia radi pande zote na udongo mzuri wa stima.

Stima kupotea. Adapta ni kifaa cha umeme, na ikizimika haina la kusema. Betri ndogo ya volti 24 itaiweka hai wakati wa giza ili angalau iseme, “Niko hapa, lakini stima hakuna.” Na stima ikirudi, pampu isiwake papo hapo, ipewe dakika chache.

Unyevu na wadudu. Kisanduku kifungwe sawasawa, kebo ziingilie chini, matundu yasiyotumika yazibwe.

Kisha jifunzeni taa. Kwenye adapta za EtherNet/IP, taa ya mtandao ikiwa kijani bila kupepesa, mazungumzo yanaendelea. Kijani kinachopepesa: ina anwani, lakini hakuna aliyeungana nayo. Nyekundu inayopepesa: mazungumzo yalikuwepo, yakakatika. Nyekundu isiyopepesa: anwani yake inatumiwa na kifaa kingine. Lugha nyingine zina taa zake. Zichapishwe kwa Kiswahili na kubandikwa ndani ya mlango wa kisanduku. Mlinzi akipiga simu aseme rangi ya taa, fundi atakuja na kifaa kinachofaa.

Siku ya kukabidhiwa mradi

Wanakamati, mwanakandarasi akija na karatasi za sahihi, mwombeni mambo haya sita kwanza.

1. Atuonyeshe adapta iko wapi na inaunganisha nini na nini.
2. Atupe karatasi inayosema kila pampu, vali na feni itafanya nini mawasiliano yakikatika.
3. Aichomoe kebo mbele yetu, mtambo ukiwa unafanya kazi, tuone kwa macho yetu. Kisha airudishe, tuone tena.
4. Azime stima na kuiwasha, tuone mtambo unavyoamka.
5. Atukabidhi adapta ya akiba, nakala ya mipangilio yote, na orodha ya anwani.
6. Atuonyeshe kebo imepita wapi, kwa kina gani, na nguzo za alama ziko wapi.

Jambo la tatu halichukui dakika tano. Ningelifanya mimi siku ile, mbele ya kamati, mtu yeyote angeniuliza kwa nini pampu bado inaunguruma.

Namalizia. Baada ya mkasa ule tulimlipa mama hasara yake, sehemu ikitoka kwenye malipo yangu, kama ilivyostahili. Tulifukia kebo upya kwa kina, tukaweka nguzo za alama, nikabadilisha mipangilio. Siku ya majaribio tulimwalika aje nyumba ya pampu. Nikachomoa kebo mbele yake. Pampu ikanyamaza, na kule kilimani kengele ikalia hadi tukaisikia bondeni. Mama akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza, “Na ufunguo wa nyumba hii, siku hizi anao nani?”

Mlinzi akaingiza mkono mfukoni, akamwonyesha.

Sasa niko tayari kwa maswali.